Duara la Kumsubiri Mgeni Rasmi

Nchi ya Majabalini haipo. Nalisema mapema ili asije mtu akaniuliza mpaka wake uko wapi, au akadai kwamba waziri ninayemtaja amefanana mno na mjomba wake. Haipo kabisa. Mimi nimefanya kazi huko miaka mingi, nikiwa Mpiga Makofi wa Serikali, Daraja la Pili. Wa daraja la kwanza hupiga makofi wakiwa wameketi kivulini; sisi wa daraja la pili tulipiga tukiwa tumesimama juani. Nilikuwa naipenda kazi yangu, maana haikumlazimu mtu kusikiliza.

Mambo yalianza siku Mtukufu Rais Lugendo alipovuka mto kwenda kumtembelea jirani yake. Jirani akampeleka kuona mawe. Mawe yenyewe yalikuwa marefu, yamesimamishwa wima, yamepangwa duara kwenye uwanda mtupu, na watalii wenye kofia pana walikuwa wanayazunguka wakiyapiga picha.

"Nani aliyasimamisha?" Mtukufu aliuliza.

"Hatujui. Watu wa kale sana."

"Ya kazi gani?"

"Hiyo nayo hatuijui," jirani alisema kwa furaha. "Ndiyo maana wanakuja."

Mtukufu alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Aliitisha Baraza la Mawaziri kabla hata ya kuvua viatu.

"Jirani ana kitu asichokijua, na watu wanapanda ndege kuja kukitazama!" alifoka. "Sisi hapa tuna vitu vingapi tusivyovijua?"

"Vingi, Mtukufu!" mawaziri walijibu kwa pamoja.

"Basi mbona kwetu hawaji?"

Ndipo aliposimama Mheshimiwa Tegeza, Waziri wa Mambo ya Kale na Maendeleo Yake, mtu mnene, mchangamfu, ambaye tangu ateuliwe hajawahi kukosa jibu hata pale ambapo hapakuwa na swali.

"Mtukufu, tujenge letu. Tena liwe la kale kuliko la jirani."

"Litakuwaje la kale nasi tunalijenga leo?"

"Kwa amri, Mtukufu."

Jamani, niseme nini? Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ikaamuliwa kwamba kale ya Majabalini lazima ikamilike kabla ya Sikukuu ya Taifa, na mkandarasi atakayechelewesha kale atachukuliwa hatua.

Sasa, hata ukiwa na amri, huwezi kujenga kitu bila kujua ni cha nini. Ikaundwa Tume ya Kusudi. Aliitwa Profesa Rwezimula wa chuo kikuu, mtu pekee nchini aliyewahi kusoma habari za mawe ya namna hiyo, akapewa kiti na chupa ya maji. Maskini, alikuwa na furaha kama bwana harusi. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemuuliza habari za mawe, hata mkewe.

"Wapo wataalamu wanaodhani watu wa zamani waliyapanga kulifuata jua," alieleza. "Jua likichomoza katikati ya jiwe hili na lile, mkulima anajua msimu umefika."

"Yaani jiwe limwambie mkulima msimu?" Waziri Tegeza alikunja uso. "Na Wizara ya Kilimo itamwambia nini?"

Hoja ikafutwa.

"Wengine wanasema ni mahali walipozikwa machifu."

Wajumbe wote waliinua macho wakatazama picha ya Mtukufu ukutani, kisha wakayashusha haraka. Nayo ikafutwa, na dirisha likafunguliwa ipite hewa.

"Na wapo wanaosema palikuwa mahali pa kukutania," Profesa aliendelea, akizidi kuchangamka. "Watu wanakaa duara, wanaamua mambo yao."

"Anayekaa mbele ni nani?"

"Duara halina mbele, Mheshimiwa."

"Halina mbele?" Waziri alivua miwani, akaifuta taratibu. "Profesa, una watoto?"

"Ninao."

"Wanakuhitaji."

Profesa aliinywa ile chupa ya maji yote. Hapo ndipo Mkuu wa Itifaki, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa ameyatumia kupanga viti, alipokohoa kidogo akasema, "Waheshimiwa, mawe yamesimama. Hayajakaa. Mtu anayesimama juani muda wote huo bila kukaa, anasubiri nini? Anamsubiri mgeni rasmi."

Loo! Wajumbe wote walishusha pumzi. Ilikuwa wazi kama mchana. Tangu dunia iumbwe mgeni rasmi hajafika, na mawe yenye adabu hayawezi kukaa kabla yake. Profesa alijaribu kuuliza kama upo ushahidi, akaulizwa kama ana habari za hali ya afya ya watoto wake. Tume ikapitisha: watu wa kale wa Majabalini walijenga duara ili kumsubiri mgeni rasmi, na mgeni huyo, baada ya kusubiriwa kwa zama na zama, atawasili kwenye Sikukuu ya Taifa, naye si mwingine bali Mtukufu Rais Lugendo.

Mahali palichaguliwa kitaalamu: uwanja tambarare kando ya barabara kuu, ili msafara usiingie vumbi. Mawe madogo yakaokotwa huku na huko. Lakini duara lilihitaji jiwe kuu, na jiwe kuu lilionekana kijijini Igalamya, kilimani juu ya barabara.

Jiwe lenyewe lilikuwa bapa, pana kama sebule ya mtu mwenye uwezo, laini juu kwa kusuguliwa na vizazi. Kazi yake ilikuwa kuanika makopa, yaani vipande vya muhogo. Igalamya wanakula ugali wa muhogo. Muhogo wanaumenya, wanauloweka, kisha wanauanika juu ya lile jiwe ukauke ndipo usagwe. Kila mwanamke alikuwa na sehemu yake pale juu, na aliyegawa sehemu hizo, akaamua nani aanike leo na nani kesho, alikuwa Bi Nyamizi. Mama huyu alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi ambao hata mbwa wa kijiji waliuheshimu.

Tulimkuta amekaa pembezoni mwa jiwe. Waziri Tegeza alisoma hotuba kuhusu urithi wa taifa. Nikapiga makofi peke yangu.

"Nimesikia," Bi Nyamizi alisema. "Sasa sisi tutaanika wapi?"

"Anikeni chini, mama."

"Chini kuna mchanga. Unataka watu wale ugali unaolia kwenye meno?"

"Kwenye mikeka basi."

"Mkeka unashika unyevu, baba. Muhogo unaota ukungu mweusi. Jiwe linashika joto, hata jua likijificha lenyewe linaendelea kukausha. Na mihogo imeshalowekwa, ile kwenye mapipa pale, ya kijiji kizima. Ikikosa jua kesho inaoza, na mvua ziko nyuma ya kilima. Tukiikosa hii tunakula nini mpaka msimu mwingine?"

"Mama," Waziri alisema kwa upole mkubwa, "hii ni historia."

"Historia inaliwa na mboga gani?"

Waziri alicheka sana, akawaambia waandishi wa habari kwamba wananchi wameupokea mradi kwa mikono miwili. Bi Nyamizi akamgeukia Kamanda Masanyiwa wa polisi, aliyekuwa amesimama nyuma. Kamanda alikuwa amemwoa binti wa dada ya mama huyo.

"Mkwe, nawe umesimama tu?"

Kamanda alitazama pembeni kama mkwe anavyopaswa. "Mama, mimi nafuata sheria kama ilivyoandikwa."

"Haya, ifuate. Nami nitaitazama inakokwenda."

Winchi ya serikali ilikuwepo, ila mafuta yake yalikwisha kwenye msafara wa kwenda kuikagua. Ikabidi kazi ifanyike kwa nguvu za wananchi, na wananchi waliokuwa karibu walikuwa wenye jiwe. Basi watu wa Igalamya wakalivuta jiwe lao wenyewe. Walilitegua kwa mitaimbo, wakatanguliza magogo chini yake liviringike, wakalifunga kamba za katani, nusu wanavuta na nusu wanalizuia lisije likashuka kilima peke yake na kuwahi sikukuu. Gogo lililobaki nyuma linakimbizwa mbele. Kule uwanjani wakachimba shimo lenye mteremko upande mmoja, wakalitelezesha mguu wake humo, wakaliinua kwa kamba kidogokidogo huku wengine wakishindilia mawe na udongo mgongoni mwake, mpaka likasimama wima. Profesa Rwezimula alizunguka akiandika, machozi yanamlengalenga. Alikuwa amesoma kwamba ndivyo watu wa kale walivyofanya, ila hakuwahi kuona.

Bi Nyamizi alilitazama jiwe lake lililosimama. "Halianiki kitu tena," alisema. Nilitaka kupiga makofi kwa mazoea, mkono ukakataa.

Mihogo ilioza. Harufu yake ilishuka kilimani ikafika mpaka barabarani, na Wizara ya Afya ikatoa tamko kwamba ni harufu ya kale.

Kikaletwa kibao cha shaba, kikapigiliwa kwenye jiwe kuu: JIWE HILI LILISIMAMISHWA NA MTUKUFU RAIS LUGENDO PAMOJA NA BARAZA LAKE LA MAWAZIRI, KWA MIKONO YAO WENYEWE. Watu wa Igalamya, viganja vikiwa bado na malengelenge, walisomewa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walidhani wamekosea kusikia. Mwandishi mmoja wa gazeti aliuliza inakuwaje jiwe la kale liwe limesimamishwa na Rais aliyepo. Alijibiwa kwamba Mtukufu ametawala muda mrefu.

Sikukuu ikafika. Mahema yakafungwa kando ya duara, pilau ikapikwa, Mtukufu akawasili na mawe yakawa yamempata mgeni wao. Mwanasheria Mkuu akapanda jukwaani kusoma Sheria ya Kulinda Mambo ya Kale, ambayo Mtukufu aliisaini palepale mbele yetu. Ilikuwa fupi. Kitu chochote kitakachokuwa ndani ya duara ngoma itakapolia kitakuwa kumbukumbu ya taifa, na hakitaondolewa daima. Hakitaongezwa kitu ndani. Na jiwe lisiguswe na mtu yeyote isipokuwa aliyelisimamisha.

Sikiliza jinsi neno moja linavyoweza kufanya kazi. Wiki hiyo palikuwa na uvumi kwamba Baraza la Mawaziri litavunjwa. Mwanasheria alipotamka "hakitaondolewa daima," nilimwona Waziri Tegeza akigeuza shingo. Alilitazama duara. Alimtazama Mtukufu. Kisha, bila kuaga, akainua suti yake magotini akakimbilia ndani.

Wenzake waliposhtuka, wee! Viti vilipinduka. Waziri wa Kilimo alimruka Waziri wa Nidhamu. Mwanasheria Mkuu aliacha kipaza sauti kinanguruma akajitupa humo. Profesa, aliyekuwa amesimama tu akipima vivuli, alisombwa na msukumano akajikuta katikati. Naye Mtukufu, ambaye mwaka unaofuata alikuwa na uchaguzi, aliinuka kwa heshima zake zote, akatembea bila haraka, ila kwa hatua ndefu. Alipoingiza mguu wa pili, ngoma ikalia.

Tulishangilia. Mawaziri walikumbatiana. Ilikuwa siku kubwa kwa utulivu wa nchi.

Mchana ukafika, pilau ikanukia. Mtukufu akaelekea mahemani. Kamanda Masanyiwa akasimama mbele yake, akapiga saluti.

"Mtukufu, samahani. Huwezi kutoka."

"Umelewa?"

"Hapana, Mtukufu. Wewe sasa ni kumbukumbu ya taifa. Ukitoka utakuwa umejiiba, nami nitalazimika kukukamata kwa wizi wa mambo ya kale."

"Sheria hii nimeisaini mimi!"

"Ndiyo, Mtukufu. Saini nzuri sana."

"Basi leteni chakula humu!"

"Hakitaongezwa kitu ndani," Kamanda alisema kwa masikitiko ya kweli, akaionyesha ile sheria kwa kidole.

Wakatishia kumfukuza kazi, akasema barua ya kumfukuza ipitie ofisini, na ofisi iko mji mkuu. Wakataka kuibadilisha sheria, wakakumbuka kwamba inabadilishwa bungeni, na bunge nalo liko mji mkuu. Pilau tukaila sisi wapiga makofi, wa madaraja yote, bega kwa bega. Ndiyo mara ya kwanza niliyoijua ladha yake. Kutoka ndani ya duara Waziri Tegeza alikuwa ananitazama kila tonge linavyopanda.

Kulipokucha, kale yetu ilikuwa na hali mbaya. Suti zimekunjamana, midomo imekauka, Waziri wa Nidhamu ananyonya kitambaa cha tai yake chenye umande. Wenye shibe walikuwa wameanza kuwajua wenye njaa. Ndipo Mwanasheria Mkuu alipopata wazo.

"Duara lenye pengo si duara! Tukiliondoa jiwe moja, hakuna duara. Hakuna duara, hakuna ndani. Hakuna ndani, tuko nje!"

Wakashangilia. Wakawaita wanajeshi walitoe jiwe kuu. Kamanda akaeneza mikono. "Jiwe lisiguswe na mtu yeyote isipokuwa aliyelisimamisha."

"Na ni nani aliyelisimamisha?" Mtukufu alibweka.

Kamanda alielekeza uso wake kwenye kibao cha shaba. Mawaziri wakakisoma. Kisha wakaitazama mikono yao wenyewe.

Kamba za katani zilikuwa bado zimefungwa kwenye jiwe, maana hapakuwa na aliyetumwa kuzifungua. Ila magogo yalikuwa nje, na juu ya magogo walikuwa wameketi wanawake wa Igalamya. Bi Nyamizi alikuwa katikati yao. Walikuwa wameteremka asubuhi kuliangalia jiwe lao, kama watu wanavyokwenda kumwona mgonjwa.

"Mama!" Waziri Tegeza aliita. "Hebu tusogezeeni hayo magogo."

"Ya nini, baba?"

"Tunataka kuliondoa hili jiwe."

"Mnalipeleka wapi?"

"Pembeni tu hapo, mama yangu."

"Pembeni?" Bi Nyamizi aliinuka. Sikuwahi kumwona amekasirika namna ile. "Watoto wa Igalamya wanalala na uji mwepesi kama maji ya kunawa. Tumemwaga mihogo ya kijiji kizima, tumeizika shimoni kama maiti. Nawe unataka jiwe likae pembeni? Magogo ni yetu. Yataviringika kwenda kilimani, au hayaviringiki."

"Kilimani!" Mtukufu alishika kiuno.

"Ndiko lilikotoka, Mheshimiwa. Tena lilishuka. Sasa litapanda."

Wakajadiliana kwa kunong'onezana. Niliwasikia wakikubaliana kuvuta hatua chache tu, jiwe likishatoka wakimbilie magari. Wakafukua shimo kwa mikono, na kwa kile kibao cha shaba walichokibandua kikawa koleo. Wakalilaza jiwe, wakajifunga kamba mabegani. Wanawake wakatanguliza magogo kwa kuyasukuma na miguu, wasiliguse jiwe, maana sheria ni sheria. Jiwe likatoka kwenye mstari. Mawaziri wakaziachia kamba mara moja wakageukia magari.

Kamanda akapiga saluti tena. "Waheshimiwa, jiwe bado liko njiani. Likiwa njiani ni la duara hilihili. Duara halijavunjika, limerefuka tu."

"Litavunjika lini?"

"Likifika kwao."

Bi Nyamizi alimtupia jicho mkwe wake. Mkwe akatazama pembeni.

Basi wakavuta. Jua lilikuwa kali na kilima hakina huruma. Kijiji kizima kilijipanga kandokando ya njia, na wanawake wakaanzisha wimbo ambao wao wenyewe waliuimba siku ya kushuka, ila safari hii waliuongezea maneno:

"Jiwe lina mwenyewe!"

"Vuta!"

"Mwenyewe ana njaa!"

"Vuta!"

"Na mvutaji anayo!"

"Vutaaa!"

Mimi nilipiga makofi. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliyapiga kwa kufuata mdundo, na mara ile nilikuwa nasikiliza. Waziri wa Kilimo aliuliza kwa nini hili shamba la watu lina visiki vingi hivi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona shamba kwa karibu. Mtukufu alivua koti, kisha viatu, kisha utukufu. Alipoteleza, Waziri Tegeza alimdaka mgongo, na hakuna aliyekumbuka itifaki. Profesa Rwezimula, kamba imemkata bega, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Nimejua!" alipayuka. "Maisha yangu yote nilijiuliza waliwezaje, na sasa nimejua!"

"Umejua nini?" Mtukufu alihema.

"Walijua wanalipeleka wapi!"

Jiwe liliingia mahali pake jioni jua likiwa bado lina nguvu kidogo, likakaa kwa kishindo kimoja kizito. Watu wa Igalamya hawakupiga kelele. Wanawake walikuja na ndoo za maji, wakalisugua udongo, wakalifuta kwa kanga zao taratibu, kila mmoja akianza na sehemu yake. Bi Nyamizi alilipapasa kwa kiganja akasikiliza joto lake. Halafu akapiga ukelele, na mabeseni ya mihogo mipya, ile michache iliyochimbwa kwenye mashamba ya pembezoni ikamenywa na kulowekwa, yakateremshwa kutoka vichwani.

Kamanda Masanyiwa akatangaza kwamba duara limevunjika, na kila mtu yuko huru kwenda zake. Hakuna aliyekwenda. Baraza la Mawaziri lote la Jamhuri ya Majabalini lilikuwa limelala chali kwenye nyasi, viganja vimechunika.

Mtukufu alijikokota kwa makalio mpaka kwenye ukingo wa jiwe. Alimeza mate.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hapa kwenu hakuna chochote cha kula?"

Bi Nyamizi alikuwa ameinama akipanga vipande, kimoja kimoja, upande mweupe ukielekea juu.

"Kipo, baba," alijibu bila kugeuka. "Ndiyo kwanza tunakianika."